Sheria ya ushindani Marekani: maneno yale yale, wasimamizi tofauti

Sheria kuu inayopiga vita ukiritimba wa biashara nchini Marekani ilitiwa saini na Rais Benjamin Harrison tarehe 2 Julai 1890. Maneno yake ya msingi hayajabadilika sana tangu siku hiyo.

Kilichobadilika, tena mara kadhaa, ni utekelezaji wake: nani anafungua kesi, anamshtaki nani, na mahakama inatumia kipimo gani kuamua kwamba ushindani umedhurika.

Historia hiyo inaweza kufuatwa katika miji mitatu isiyotajwa sana pale habari za uchumi zinaposomwa. Miji hiyo ni Columbus katika jimbo la Ohio, Louisville katika jimbo la Kentucky, na Buffalo katika jimbo la New York.

Ni miji ambayo watu wa Afrika Mashariki na Congo wanaifahamu. Columbus ina mojawapo ya jamii kubwa kabisa za Wasomali nchini Marekani, na Louisville na Buffalo zimepokea wakimbizi wengi kutoka Congo, Somalia na Burundi.

Kwa mwenye duka katika Whitehall, mji mdogo ulioko upande wa mashariki wa Columbus, sheria hii inagusa makato anayotozwa kila mteja wake anapolipa kwa kadi. Kwa familia ya Louisville inagusa bima ya afya ya wazee wao. Kwa mkazi wa Buffalo iligusa hata idadi ya magazeti yaliyouzwa mjini mwake.

Sheria inasema nini

Sheria ya mwaka 1890 hujulikana kwa jina la Seneta John Sherman wa Ohio, aliyeupeleka muswada wake bungeni. Kifungu chake cha kwanza kinakataza mikataba na njama za kuzuia biashara huru, kwa mfano wauzaji kukubaliana kwa siri kupandisha bei. Kifungu cha pili kinakataza kuhodhi soko au kujaribu kulihodhi.

Kuwa mkubwa peke yake si kosa. Kampuni iliyokua kwa sababu bidhaa zake ni bora haivunji sheria, ila inaivunja pale inapotumia nguvu zake kuwafungia wengine mlango.

Adhabu zimeongezwa mno. Mwaka 1890 faini haikuzidi dola 5,000 na kifungo hakikuzidi mwaka 1. Tangu marekebisho ya mwaka 2004, kampuni inaweza kutozwa hadi dola milioni 100, na mtu binafsi anaweza kufungwa hadi miaka 10.

Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni kwamba sheria za ushindani za Marekani hazikukabidhiwa ofisi moja tu. Serikali kuu inaweza kushtaki, jimbo linaweza kushtaki, na hata mfanyabiashara aliyeumizwa anaweza kwenda mahakamani mwenyewe. Akishinda, hulipwa fidia mara 3 ya hasara aliyoipata.

Kila mmoja wa miji hii mitatu unaonyesha mmojawapo wa milango hiyo.

Columbus: jimbo laishtaki Standard Oil

Kampuni ya mafuta ya Standard Oil iliandikishwa Cleveland, Ohio, mwezi Januari 1870, ikiongozwa na John D. Rockefeller. Mwaka 1882 wenye hisa wa kampuni hiyo na wa kampuni nyingine nyingi za mafuta walikabidhi hisa zao kwa kundi dogo la wadhamini mjini New York. Kampuni zilibaki na majina tofauti, lakini zikawa na uongozi mmoja.

Mwezi Mei 1890, kabla sheria ya Sherman haijatiwa saini, Mwanasheria Mkuu wa Ohio David K. Watson alifungua kesi dhidi ya Standard Oil katika Mahakama ya Juu ya jimbo mjini Columbus. Hoja yake ilikuwa ya moja kwa moja: kampuni iliyopewa hati ya usajili na watu wa Ohio haina ruhusa ya kukabidhi uendeshaji wake kwa watu wasiowajibika kwa Ohio.

Watson alikuwa wa chama cha Republican, na ndani ya chama chake mwenyewe alishinikizwa aiache kesi. Hakuiacha. Mwezi Machi 1892 mahakama ilimpa ushindi na kuiamuru kampuni ijitoe katika mpango wa wadhamini.

Ushindi huo ulionyesha pia mipaka ya jimbo moja. Wakuu wa Standard Oil walivunja mpango wa wadhamini kwa jina, wakaendelea kushirikiana kwa njia nyingine, na mwaka 1899 wakaweka mali zao chini ya kampuni mama katika jimbo la New Jersey, ambalo sheria zake zilikuwa laini zaidi. Aliyefukuzwa mlangoni alikuwa amehamia nyumba ya jirani.

Wakati huo serikali kuu ilikuwa bado haijaamua kuitumia sheria ya Sherman dhidi ya wakubwa. Mwaka 1895 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuivunja kampuni iliyokuwa imekusanya karibu viwanda vyote vya kusafisha sukari nchini, ikisema kwamba kutengeneza bidhaa si sawa na kuifanyia biashara baina ya majimbo.

Kinyume chake, sheria hiyo hiyo ilitumika mwaka 1894 dhidi ya wafanyakazi wa reli waliogoma wakiongozwa na Eugene Debs. Chombo kilichotungwa kuwabana matajiri kiliwafikia kwanza wafanyakazi.

Serikali kuu ilifungua kesi yake dhidi ya Standard Oil mwaka 1906, katika utawala wa Rais Theodore Roosevelt. Tarehe 15 Mei 1911 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba kampuni hiyo imevunja sheria, na ikagawanywa kuwa kampuni 34. Kutoka kesi ya Columbus hadi siku hiyo ilikuwa imepita miaka 21.

Louisville: mtoto wa mji aliyeogopa ukubwa

Hukumu ya mwaka 1911 ilikuwa na sehemu ya pili iliyozua mjadala. Majaji walisema sheria inakataza tu vizuizi vya biashara visivyo vya busara. Wengi walijiuliza: nani atapima busara hiyo, na mfanyabiashara atajuaje mapema kwamba anavuka mpaka?

Mmoja wa waliojitokeza kutoa jibu ni Louis Brandeis, aliyezaliwa Louisville tarehe 13 Novemba 1856 katika familia ya Kiyahudi iliyohamia kutoka Prague. Alihitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard akiwa na umri wa miaka 20, akawa wakili maarufu mjini Boston, na mara nyingi alitetea masuala ya umma bila malipo.

Brandeis hakuhofia bei peke yake. Aliamini kwamba kampuni ikikua kupita kiasi huwa mzigo kwa demokrasia, kwa sababu huwanyima wafanyabiashara wadogo nafasi ya kujitegemea na huwapa watu wachache uwezo juu ya maisha ya wengi ambao hawakuwachagua.

Katika uchaguzi wa mwaka 1912 alikuwa mshauri wa Woodrow Wilson kuhusu suala hili. Wilson alipoingia madarakani, zilipitishwa sheria mbili mwaka 1914. Ya kwanza, ya mwezi Septemba, iliunda Tume ya Biashara ya Shirikisho, chombo cha wataalamu cha kuchunguza mbinu chafu za biashara. Ya pili, sheria ya Clayton ya mwezi Oktoba, ililenga kuzuia madhara kabla hayajatokea.

Chini ya sheria ya Clayton, serikali haina haja ya kungoja ukiritimba ukamilike. Inatosha kuonyesha kwamba kampuni moja kununua nyingine kunaweza kupunguza ushindani kwa kiasi kikubwa. Sheria hiyo pia ilitamka kwamba kazi ya binadamu si bidhaa, ili kuviondoa vyama vya wafanyakazi katika mtego wa mwaka 1894.

Brandeis aliteuliwa jaji wa Mahakama ya Juu mwaka 1916 na kustaafu mwaka 1939. Alifariki mwaka 1941, na majivu yake yamezikwa katika jengo la kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Louisville, kitivo ambacho leo kinaitwa kwa jina lake.

Buffalo: magazeti mawili, hakimu mmoja na rufaa

Mlango wa tatu, ule wa mfanyabiashara kushtaki mwenyewe, ulitumika Buffalo mwaka 1977.

Mji huo ulikuwa na magazeti mawili. Buffalo Evening News lilitoka mchana na halikuwa na toleo la Jumapili. Courier-Express lilitoka asubuhi, na toleo lake la Jumapili, lililosheheni matangazo, ndilo lililolipatia riziki.

Mwaka huo kampuni ya Blue Chip Stamps, iliyokuwa chini ya Warren Buffett na mshirika wake Charlie Munger, ilinunua Evening News. Wamiliki wapya walitangaza kwamba wataanzisha toleo la Jumapili, na kwamba wasomaji wao watalipata bure kwa wiki 5 za mwanzo.

Courier-Express lilikimbilia mahakamani. Lilidai kwamba mpinzani wake, mwenye fedha nyingi, anataka kuliua kwa kugawa gazeti bure na kisha kubaki peke yake sokoni. Mwezi Novemba 1977 Hakimu Charles Brieant alikubaliana nalo kwa sehemu kubwa, akaweka zuio lililopunguza muda wa kugawa gazeti bure na kubana namna ya kulitangaza.

Mwezi Aprili 1979 mahakama ya rufaa ililiondoa zuio hilo. Jaji Henry Friendly aliliona jambo kwa upande wa pili: siku ya Jumapili mwenye ukiritimba alikuwa Courier-Express, na Evening News lilikuwa mgeni anayeleta ushindani. Kwa maoni yake, kushusha bei ili kuingia katika soko jipya hakukuwa ushahidi wa nia ya kulihodhi.

Magazeti yote mawili yaliendelea kupata hasara. Tarehe 19 Septemba 1982 Courier-Express lilitoa toleo lake la mwisho. Evening News likageuka kuwa Buffalo News, likaanza kutoka asubuhi pia, na kwa miaka mingi likawa miongoni mwa magazeti yaliyoingiza faida nono. Mwaka 2020 liliuzwa kwa kampuni ya Lee Enterprises.

Kesi hiyo bado hutajwa na pande zote mbili. Wanaounga mkono hukumu ya rufaa husema sheria hulinda ushindani, haimlindi mshindani fulani asishindwe. Wanaoipinga huuliza ushindani gani umelindwa ikiwa mwisho wake ni mji kubaki na gazeti moja.

Kipimo cha bei

Mwaka 1978, kesi ya Buffalo ikiwa bado inaendelea, mwanasheria Robert Bork alitoa kitabu kilichobadilisha fikra za mahakama. Bork alisema lengo halali la sheria hizi ni moja tu, yaani masilahi ya mlaji, ambayo kwa vitendo mara nyingi yalipimwa kwa bei. Ikiwa kuungana kwa kampuni kunapunguza gharama na bei haipandi, serikali haina sababu ya kuingilia.

Fikra hizo zilipata nguvu wakati wa utawala wa Rais Ronald Reagan kuanzia mwaka 1981. Bunge halikufuta sheria ya Sherman wala ya Clayton. Hata hivyo, wasimamizi walipunguza kesi za miungano, na mahakama zikadai ushahidi mzito zaidi wa kiuchumi kabla ya kumhukumu mtu.

Utekelezaji haukufa. Mgawanyo wa kampuni ya simu ya AT&T ulifanyika mwaka 1984, na njama za kupanga bei ziliendelea kuadhibiwa kwa vifungo. Lakini hofu ya Brandeis juu ya ukubwa wenyewe iliwekwa kando kwa takriban miaka 40.

Kurudi Louisville na Columbus

Kesi mbili za karne hii zinaonyesha kipimo hicho kilivyofanya kazi, moja kwa ushindi wa serikali na nyingine kwa kushindwa kwake.

Mwaka 2015 kampuni ya bima ya Aetna ilikubali kuinunua Humana, yenye makao yake makuu Louisville, kwa dola bilioni 37. Wizara ya Sheria pamoja na majimbo kadhaa waliwasilisha pingamizi mwaka 2016. Wasiwasi wao mkubwa ulikuwa juu ya mipango ya Medicare Advantage, ambayo ni bima ya afya ya wazee inayolipiwa na serikali lakini ikiendeshwa na kampuni binafsi. Katika wilaya nyingi, kampuni hizo mbili ndizo zilizokuwa zikishindana kuwapata wazee hao.

Tarehe 23 Januari 2017 Hakimu John Bates aliuzuia muungano huo. Alikuta pia kwamba Aetna ilijitoa katika soko la bima kwenye wilaya 17 zilizotajwa katika kesi ili kujiimarisha mahakamani. Mwezi uliofuata kampuni hizo ziliacha mpango wao, na Humana ikabaki kampuni inayojitegemea.

Kesi ya pili ilibeba jina la Ohio. American Express hutoza wafanyabiashara makato ambayo kwa kawaida yalikuwa makubwa kuliko ya Visa na Mastercard. Mikataba yake ilimkataza mwenye duka kumshawishi mteja atumie kadi nyingine yenye makato madogo. Serikali kuu na majimbo 17 walishtaki mwaka 2010, na mahakama ya kwanza iliwapa ushindi mwaka 2015.

Mahakama ya rufaa ilipoibatilisha hukumu hiyo mwaka 2016, Wizara ya Sheria haikupeleka suala hilo mbele. Ohio na majimbo mengine 10 yaliendelea peke yao hadi Mahakama ya Juu.

Tarehe 25 Juni 2018 yalishindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Majaji walio wengi walisema soko la kadi lina pande mbili, mwenye duka na mwenye kadi, na haitoshi kuonyesha kwamba upande mmoja unalipa zaidi. Majaji wanne waliopinga waliona kwamba kuwazuia wauzaji wasiwaelekeze wateja kwenye bei nafuu ni kuzuia ushindani kwenyewe.

Kwa mwenye duka wa Columbus au Whitehall, maana yake ni kwamba aliyekubali masharti hayo ya kadi hawezi kumwambia mteja wake: tumia ile nyingine, inanipunguzia gharama.

Mabadiliko tangu 2020

Fikra za Brandeis zimerudi mezani kwa njia ambayo wengi hawakuitarajia. Mwaka 2017 mwanafunzi wa sheria Lina Khan aliandika makala kuhusu Amazon, akidai kwamba bei ndogo ya leo inaweza kuficha nguvu hatari ya kesho. Mwaka 2021 Rais Joe Biden alimteua kuwa mwenyekiti wa Tume ya Biashara ya Shirikisho.

Chini yake, tume na Wizara ya Sheria zilitoa mwongozo mpya wa miungano mwezi Desemba 2023, unaozingatia pia madhara kwa wafanyakazi na wazalishaji wanaouzia kampuni kubwa. Mwezi Desemba 2024 mahakama iliuzuia muungano wa maduka makubwa ya Kroger, kampuni ya Ohio yenye maduka mengi Columbus na Louisville, na Albertsons. Ulikuwa mpango wa takriban dola bilioni 25.

Si kila jaribio lilifanikiwa. Kanuni ya kupiga marufuku mikataba inayomzuia mfanyakazi kuhamia kwa mshindani wa mwajiri wake ilitolewa mwezi Aprili 2024 na kubatilishwa na mahakama ya Texas mwezi Agosti mwaka huo huo. Serikali mpya ya Rais Donald Trump iliachana na rufaa hiyo mwezi Septemba 2025.

Kesi dhidi ya kampuni za teknolojia zimevuka tawala. Kesi ya Google ilifunguliwa mwaka 2020 wakati wa awamu ya kwanza ya Trump, na Hakimu Amit Mehta aliikuta na hatia ya kuhodhi soko la utafutaji intaneti mwezi Agosti 2024, wakati wa Biden. Amri zake za marekebisho zilitoka Septemba 2025, zikikataza mikataba ya kipekee lakini bila kuilazimisha kampuni kuuza programu yake ya Chrome. Novemba 2025 tume ilishindwa katika kesi yake dhidi ya Meta, inayomiliki Facebook.

Wakati huo huo uhuru wa tume yenyewe uliingia katika mgogoro. Mwezi Machi 2025 Rais Trump aliwafukuza makamishna wawili wa chama cha Democratic, ingawa sheria ya mwaka 1914 inasema kamishna huondolewa kwa uzembe au utovu wa maadili kazini. Suala hilo lilifika Mahakama ya Juu, iliyosikiliza hoja za pande zote mwezi Desemba 2025.

Afrika Mashariki: nani ameshika funguo

Nchi za Afrika Mashariki zilitunga sheria zao za ushindani baada ya kuanza kuachana na udhibiti wa bei wa serikali. Maswali wanayokutana nayo ni yale yale ya Columbus, Louisville na Buffalo.

Kenya ilipata sheria yake ya kwanza mwaka 1988. Utekelezaji uliwekwa ndani ya wizara ya fedha, na waziri alikuwa na neno la mwisho. Sheria ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Agosti 2011, iliunda Mamlaka ya Ushindani ya Kenya na mahakama maalumu ya kusikiliza rufaa.

Mwaka 2014 mawakala wa M-Pesa waliruhusiwa kuhudumia pia kampuni shindani, baada ya mamlaka hiyo kuingilia mikataba iliyokuwa ikiwafunga kwa Safaricom pekee. Mwaka 2023 mamlaka ilizitoza kampuni 9 za chuma faini ya jumla ya shilingi milioni 338.8 kwa kupanga bei. Kenya pia imetia katika sheria yake ulinzi kwa wasambazaji wadogo wanaonyanyaswa na wanunuzi wakubwa, kama vile kucheleweshewa malipo, jambo ambalo kipimo cha bei kwa mlaji pekee hakilioni.

Tanzania ilitunga Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Maamuzi ya tume yanaweza kupingwa katika Baraza la Ushindani, na mlango huo uligongwa katika suala la saruji. Mwaka 2022 tume iliruhusu kampuni mama ya Twiga Cement kununua hisa nyingi za Tanga Cement. Mshindani, Chalinze Cement, na watetezi wa walaji walikata rufaa, na mwezi Septemba mwaka huo baraza lilibatilisha ruhusa hiyo. Mwaka 2023 ununuzi uliruhusiwa upya, na mwaka 2024 hisa hizo zikauzwa kwa kundi la Kitanzania la Amsons.

Uganda ndiyo ya mwisho kati ya hizo tatu. Sheria yake ya ushindani iliidhinishwa na Rais Yoweri Museveni mwanzoni mwa mwaka 2024. Tume huru iliyopendekezwa awali iliondolewa katika muswada, na kazi hiyo ikakabidhiwa wizara ya biashara. Ni utaratibu unaofanana na ule ambao Kenya iliuacha mwaka 2011.

Waliounga mkono uamuzi huo walitaja gharama ya kuanzisha taasisi nyingine. Wanaoutilia shaka huuliza itakuwaje pale kampuni inayolalamikiwa itakapokuwa na marafiki serikalini, au itakapokuwa mali ya serikali yenyewe.

Swali hilo halikuanzia Kampala. Mwaka 1890 David Watson aliendelea na kesi yake licha ya shinikizo la wakubwa wa chama chake, na aliweza kwa sababu sheria ilimpa yeye uwezo wa kushtaki. Tangu wakati huo, kila jimbo la Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho tangu ilipoundwa, na kila mfanyabiashara aliyeumizwa wamekuwa na uwezo wa kugonga mlango wa mahakama pale mwingine aliponyamaza. Wengine walishinda na wengine walishindwa, lakini kesi zilisikilizwa hadharani na sababu za hukumu zikaandikwa.

Kwa mawakala wa simu wa Nairobi, wanunuzi wa saruji wa Tanga na wenye maduka wa Kampala, kupata sheria ilikuwa hatua ya kwanza. Hatua inayofuata ni kujua nani, zaidi ya waziri, anaruhusiwa kuitumia.